Kurudi kwenye metali ya zamani bila kurudia kosa la Death Magnetic

Msomaji wa Nairobi anauliza: "Bendi yetu ya metali ilivunjika, sasa tumerudiana wanne wale wale na tunataka kurekodi albamu ya kurudi kwenye asili yetu, thrashi ya kasi. Mfano wetu ni Death Magnetic ya Metallica. Lakini kila nikiisikiliza kwa hedifoni, masikio yanachoka kabla ya wimbo wa tatu kuisha. Je, tatizo ni hedifoni zangu? Na sisi tufanyeje ili yetu isitoke hivyo?"

Hedifoni zako hazina kosa. Kinachokuchosha kimo ndani ya rekodi yenyewe. Death Magnetic inafundisha mambo mawili yanayopingana: kwa utunzi na mazoezi ni mfano wa kuigwa, kwa sauti ya mwisho ni mfano wa kuepukwa. Naanza na utunzi, maana hapo ndipo bendi nyingi zinazorudi hukosea mapema, hata kabla ya kulipia studio.

Mwaka 2003 Metallica walitoa St. Anger. Gitaa zilishushwa, nyimbo nyingi zikiwa kwenye drop C, tuni ya chini ambayo uzi mnene hushushwa hadi C. Hakukuwa na solo hata moja. Snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, ilipigwa bila nyaya zake za chini kukazwa, ikawa inalia kama sufuria tupu. Besi ilipigwa na prodyuza Bob Rock, kwa kuwa mpiga besi wao Jason Newsted alikuwa ameshaondoka, na nyimbo zenyewe ziliungwa studio kutokana na vipande vya kujaribujaribu. Miaka mitano baadaye, Septemba 12, 2008, ikatoka Death Magnetic: prodyuza mpya Rick Rubin, Robert Trujillo kwenye besi, nyimbo 10, gitaa zimerudi kwa sehemu kubwa kwenye E ya kawaida, solo za mpiga gitaa Kirk Hammett zimerudi, na kuna wimbo wa ala tupu unaokaribia dakika 10, wa kwanza wa aina hiyo kwenye albamu zao tangu ...And Justice for All ya 1988.

Ukiona orodha hiyo ni rahisi kudhani kwamba siri ni tuni na solo. Siri ilikuwa utaratibu. Rubin aliwataka waache kuukimbia muziki wao wa miaka ya 80, watunge kama bendi isiyojulikana inayotaka kushinda shindano, na nyimbo ziwe zimekaa mwilini kabla hawajakanyaga studio. Yaani studio ikawa mahali pa kupiga nyimbo zilizokwisha kutungwa, kinyume kabisa na St. Anger. Rubin huyohuyo alifanya jambo linalofanana na Black Sabbath walipotengeneza 13, iliyotoka Juni 2013: aliwakalisha wasikilize albamu yao ya kwanza ya 1970, ile waliyoirekodi kwa takriban siku moja tu London. Iron Maiden nao, mwimbaji Bruce Dickinson na mpiga gitaa Adrian Smith waliporudi mwaka 1999, walirekodi Brave New World ya mwaka 2000 Paris wakiwa na prodyuza Kevin Shirley, wote chumba kimoja wakipiga pamoja. Prodyuza ni tofauti na bendi ni tofauti, lakini dawa ni ileile.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, chukueni rekodi zenu mbili za zamani ambazo mashabiki wenu bado wanaziomba. Sikilizeni mkiwa na kalamu, muandike kwa kila wimbo: mapigo kwa dakika katika kila sehemu, tuni ya gitaa, rifu (vipande vya gitaa vinavyorudiwarudiwa) ngapi, solo inaanza dakika ya ngapi, wimbo una urefu gani, na rifu ya kwanza ilitoka kwa nani. Hilo la mwisho msilipuuze. Bendi nyingi zilizotengana hugundua kwamba zamani rifu zilikuja kutoka kwa mtu mmoja na mpiga ngoma wake wakiwa wawili chumbani, na sasa kila mtu anatunga peke yake kwenye kompyuta na kutuma faili kwa WhatsApp. Rifu ya kompyuta huwa na midundo iliyonyooka mno. Rudini wawili chumbani.

Wekeni pia kikomo cha urefu. Hapa ndipo nawalaumu Metallica: Death Magnetic ina karibu dakika 75, wakati Ride the Lightning ya 1984 ina nyimbo 8 katika dakika 47 na Master of Puppets ya 1986 nyimbo 8 katika dakika 55 hivi. Mtu anayesema amerudi kwenye asili huku wimbo wake mfupi kuliko yote una dakika tano amerudi kwa miguu, kichwa bado kiko kwenye enzi ya CD. Nyimbo 8, dakika 42 hadi 48, zinatosha. Siku mkitaka sahani ya santuri, upande mmoja unabeba vizuri dakika 20 hadi 22. Ukizidisha hapo, mifereji inabanana, sauti inashuka na besi inapungua.

Tuni. Kama siku hizi mmezoea C na mnarudi E, msipandishe tu nyuzi zilizopo. Seti nene ya .012 hadi .056 inayokaa vizuri kwenye C ikivutwa hadi E inaikunja shingo ya gitaa, na uzi mwembamba unaweza kukatika usoni. Kwa E wekeni .010 hadi .046, kama kuna nyimbo za drop D (uzi mnene pekee umeshushwa hadi D), .010 hadi .052. Baada ya kubadilisha, acheni gitaa likae usiku mzima, kisha mtazame shingo: bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ile ya shingo inapounganika na mwili, halafu angalia nafasi iliyopo freti ya saba. Nafasi ya unene wa kadi nyembamba ni sawa. Ikizidi au ikikosekana kabisa, zungushieni chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko tu, msubiri, ndipo mpime tena. Mwisho linganisheni noti ya freti ya 12 na mlio wake wa kengele, yaani harmoniki inayotoka ukigusa uzi hapohapo bila kuubonyeza, uzi mmoja baada ya mwingine. Gitaa lisilolingana hapo halitasikika vibaya mazoezini, ila siku mtakaporekodi tabaka nne juu ya nyingine, kila kodi (noti zinazopigwa pamoja) itakuwa na ukungu na mtamlaumu bure fundi wa miksi, anayechanganya tabaka zote.

Mkono wa kulia ndio unaozeeka kwanza. Thrashi ya miaka ya 80 inasimama kwenye kupiga kwa kushusha piki tu, bila kupandisha, na wimbo wenyewe Master of Puppets unakimbia mapigo kama 210 kwa dakika. Mtu aliyekaa miaka kadhaa bila kupiga hivyo hafiki hapo kwa wiki moja. Anzeni mapigo 30 chini ya lengo, dakika tano, pumziko dakika mbili, mara tatu kwa siku, mkiongeza mapigo manne au matano kwa wiki. Maumivu ya kiwiko au kifundo ni ishara ya kusimama, si ya kukaza. Studio, nyimbo za kasi ziende asubuhi au saa ya kwanza ya kazi, na zile za taratibu zifuate. Bendi zikifanya kinyume, wimbo mkali kuliko yote hupigwa saa nne usiku na mkono uliokufa, halafu unarekebishwa kwa kukatakata kwenye kompyuta, na ule ukali wa asili mliokuwa mnautafuta unabaki sakafuni.

Kuhusu kliki, ule mlio wa kuhesabu mapigo kwenye hedifoni: tumieni, ila msiweke kasi moja toka mwanzo hadi mwisho. Rekodi za zamani mnazozipenda zinapumua. Kiitikio kinapanda kidogo, sehemu nzito inarudi nyuma. Rekodini kwanza demo ya chumbani bila kliki, simu moja katikati inatosha. Pimeni kasi ya kila sehemu, kisha mtengeneze ramani ya kliki inayofuata demo hiyo: pengine 196 kwenye beti, 200 kwenye kiitikio, 188 kwenye sehemu ya kati. Mpiga ngoma atajisikia yuko nyumbani.

Gitaa za mdundo zipigwe na mtu mmoja. Najua kuna atakayenuna. Lakini kwenye albamu za Metallica za miaka ya 80 mwimbaji na mpiga gitaa James Hetfield ndiye aliyekuwa akirekodi mdundo wote mwenyewe, tabaka juu ya tabaka, na bendi ya Carcass waliporudi na albamu ya Surgical Steel mwaka 2013, miaka 17 baada ya iliyotangulia, mpiga gitaa wao Bill Steer alipiga gitaa zote. Mikono miwili tofauti inazima nyuzi kwa kiganja kwa namna mbili tofauti, na kwenye mapigo 200 tofauti hiyo inasikika kama matope. Mwenzake abaki na solo na harmoni. Jukwaani mtagawana kama kawaida.

Rekodini mara mbili, moja kushoto kabisa na nyingine kulia kabisa. Msinakili tabaka moja na kulihamishia upande wa pili. Hiyo inaongeza kelele, haiongezi upana. Geini ya ampu, kile kitasa cha kuongeza ukwaruzo, ishuke robo au theluthi chini ya pale mnapoweka jukwaani, kwa sababu tabaka mbili zinajazana zenyewe. Kama mnataka nne, ishusheni tena. Maiki ya kawaida ya SM57 iwekwe sentimita 2 hadi 5 kutoka kwenye kitambaa cha spika, ikielekea pale kofia ya katikati inapokutana na karatasi ya koni. Ukiisogeza katikati inakuwa kali na kukwaruza, ukiisogeza pembeni inakuwa butu. Sentimita moja inabadilisha sauti kuliko kitasa chochote cha ampu. Sambamba na maiki, rekodini pia sauti kavu ya gitaa kabla haijaingia kwenye ampu, ili mkiichukia sauti baadaye muipitishe upya kwenye ampu bila kupiga tena.

Studio nyingi za Nairobi zimejengwa kwa ajili ya sauti za waimbaji na midundo ya kompyuta. Fundi wake anaweza kuwa hodari kabisa na bado hajawahi kurekodi ampu iliyowashwa kweli. Mpelekeeni nyimbo tatu za kulinganishia katika faili safi za WAV, msimwambie tu "iwe nzito". Ulizeni pia kuhusu umeme. Ampu iliyoletwa kutoka Marekani ya volti 120 ikichomekwa kwenye 240 inaungua papo hapo. Inahitaji transfoma ya kushusha yenye uwezo wa walau 500 VA kwa ampu ya vali ya wati 100, na hata hivyo itapata joto zaidi kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 badala ya 60. Mkisikia mlio wa chini usiokoma, tafuteni kifaa kilichochomekwa soketi ya chumba kingine: vyote vya gitaa vitoke soketi moja. Msiondoe waya wa ardhi ili kunyamazisha mlio. Watu wamekufa kwa mchezo huo.

Ngoma sitazirefusha. Ngozi mpya, zitunishwe siku moja kabla na tena asubuhi ya kurekodi. Pimeni kwa kamba umbali kutoka katikati ya snea hadi maiki mbili za juu. Usipolingana, snea inapungua mwili mkisikiliza kwa spika moja. Nyaya za snea zikazwe. Jaribio la kinyume lilishafanyika mwaka 2003, na jibu lake tunalo.

Sasa sauti inayokuchosha. Kila wimbi la sauti ya dijitali lina dari, sifuri ya desibeli. Ukitaka rekodi isikike kubwa kuliko za wengine, unabana vilele kwa kompresa na limita, vifaa vinavyoshusha sauti inapopanda mno, kisha unainua kila kitu kuelekea kwenye dari. Ukizidi, vilele vinakatwa na wimbi linakuwa bapa juu. Kila kilele kilichokatwa kinazaa mikwaruzo ambayo hakuna aliyeipiga, na pigo la snea, ambalo ni kilele kitupu, ndilo linalokufa kwanza. Ndiyo maana kwenye The Day That Never Comes, wimbo wa albamu hiyo, sehemu ya mwisho inayopaswa kulipuka inakugonga ukutani badala yake: hakuna nafasi iliyobaki ya kupanda, kila kitu kilikuwa juu tangu mapema. Kwenye kipimo cha DR, ambacho huonyesha pengo kati ya vilele na wastani wa sauti, CD ya Death Magnetic inapata 3 tu.

Ilijulikanaje kwamba si uchezaji wala vyombo? Albamu iliuzwa pia kama nyongeza ya mchezo wa video Guitar Hero III, na toleo hilo lilitengenezwa kutokana na tabaka zilizotoka kabla ya mbano wa mwisho. Mashabiki walizitoa humo, wakaweka mawimbi mawili sambamba kwenye skrini: moja lina milima na mabonde, jingine ni tofali. Maelfu walitia saini ombi la kutaka albamu imiksiwe upya. Lawama nyingi zikamwangukia Ted Jensen wa Sterling Sound, aliyefanya masta (hatua ya mwisho ya kuitayarisha miksi itolewe), naye akaeleza kwamba miksi zilimfikia zikiwa zimeshabanwa. Hilo ndilo somo lenu kubwa. Masta haiwezi kurudisha kilele kilichokatwa kwenye miksi. Na hukatwa kidogokidogo: fundi anaongeza limita ili bendi ifurahi kwenye kusikiliza kwa kwanza, kila mtu anazoea, kesho yake anaongeza kidogo tena, na hakuna aliyekusudia kuharibu.

Kinga ni rahisi kama mtaiweka mapema. Mwambieni fundi kwamba njia kuu ya miksi haitakuwa na limita, vilele viishie karibu na desibeli 6 chini ya dari, na faili ziende kwa mtu wa masta zikiwa WAV za biti 24, kwa kasi ileile ya sampuli mliyorekodia. Katika miksi, kateni chini ya hezi 80 hadi 100 kwenye kila gitaa. Mngurumo ulioko huko ni wa besi na ngoma ya mguu, na ndio unaoisukuma limita bila faida. Mkiona gitaa zimenyong'onyea baada ya kukata hivyo, ongezeni besi, msirudishe gitaa. Msikilizaji mara nyingi anachodhani ni uzito wa gitaa ni besi iliyo chini yake, na asili isiwapeleke hadi kwenye ...And Justice for All, ambako besi ya Newsted karibu haisikiki.

Kwa masta, lengo la metali ya kasi liwe kati ya LUFS -11 na -9 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa wastani wa sauti; ikikaribia sifuri ndivyo sauti inavyokuwa kubwa), na kilele halisi kisivuke desibeli -1. Spotify hushusha nyimbo hadi karibu -14 na Apple Music hadi -16, kwa hiyo albamu iliyobanwa hadi -5 itashushwa sawasawa na yenu. Itakuwa imepoteza vilele vyake bila kupata ukubwa wowote. Ile desibeli moja ya juu ni nafasi ya kubadilishwa kuwa faili ndogo za mtandaoni, ambako vilele hupanda kidogo vyenyewe. Mita ya bure ya Youlean inatosha kupima haya yote nyumbani. Na Audacity ina chaguo la kuonyesha vilele vilivyokatwa: vinatokea kama mistari myekundu. Ifungueni CD ya Death Magnetic humo mara moja tu, hamtahitaji maelezo yangu tena.

Kila mnapolinganisha matoleo mawili, kwanza yasawazisheni kwa ukubwa. Sikio huchagua lililo kubwa hata kwa tofauti ya desibeli moja, nanyi mtapiga kura ya mbano mkidhani mmepigia kura ubora.

Kuna jambo moja lisilo la sauti. 13 ya Black Sabbath ilifika namba moja Uingereza, mara ya kwanza kwao tangu Paranoid ya 1970, lakini ngoma zilipigwa na Brad Wilk, kwa sababu Bill Ward, mpiga ngoma wao wa asili, na wenzake hawakuelewana kuhusu mkataba, na mvutano huo ulitoka hadharani. Nyinyi mmerudi wanne wale wale. Hilo ni bahati ambayo Sabbath hawakuipata. Andikeni kabla ya zoezi la kwanza: jina la bendi ni la nani, mgao wa utunzi ni asilimia ngapi kwa kila wimbo, gharama za studio zinarudishwa kwa utaratibu gani, na nyimbo za zamani mkizirekodi upya mapato yanakwenda wapi. Ukurasa mmoja na saini nne, kisha mkasajili kazi KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya.

Msishangae pia mkigundua katikati ya safari kwamba asili yenu haitaki kurudi ilivyokuwa. Duma, wale wawili waliotoka kwenye metali ya Nairobi, waliipeleka upande mwingine kabisa kwenye albamu yao ya 2020 iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na hakuna aliyewadai thrashi.

Kwako wewe na hedifoni zako: tafuta toleo la Death Magnetic lililotayarishwa upya kwa iTunes mwaka 2015, ambalo halikubanwa kama CD ya kwanza. Na nyinyi siku mkikabidhiwa kazi, daini masta mbili: moja ya mtandaoni kama nilivyoeleza, na nyingine bila limita kabisa kwa ajili ya santuri na kumbukumbu, pamoja na kila tabaka kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti.